Mengi, mali na kiti cha mgeni rasmi

Chupa ya maji ya Kilimanjaro inayouzwa stendi ya Mpanda imetoka mbali, Moshi, kwenye kiwanda cha Bonite kinachojaza pia soda za Coca-Cola. Sisi waseminari wa Katavi tumeinywa kwenye misiba, upadrisho na vikao vya halmashauri ya walei, pengine bila kumkumbuka mwenye kiwanda, Reginald Mengi.

Mengi alizaliwa Machame katika familia maskini, akasomea uhasibu Uingereza, kisha akaanza biashara kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Baadaye zikaja soda, maji, magazeti, Radio One na ITV. Jarida la Forbes lilikadiria utajiri wake kuwa mamia ya mamilioni ya dola. Kwa imani alikuwa Mlutheri, na hilo halituzuii kujifunza kwake.

Watanzania wengi wanamkumbuka kwa chakula cha mchana alichowaandalia watu wenye ulemavu kila mwaka, watoto wenye matatizo ya moyo aliowagharimia matibabu India, na miti aliyohimiza ipandwe Kilimanjaro. Picha tuliziona ITV, yaani televisheni yake mwenyewe. Hapo ndipo wenzetu wengine hukumbusha Mathayo sura ya 6, juu ya mkono wa kushoto usiojua utendalo mkono wa kuume. Ni hoja nzito. Lakini mtu mwenye ulemavu ambaye ndugu zake humficha ndani wageni wakija, siku ile alionekana nchi nzima akiwa ameketi meza moja na tajiri. Sadaka ya siri isingeweza kufanya hivyo. Tunaona Mengi alistahili kusifiwa kwa hilo, hata kama jina lake nalo lilifaidika.

Ugomvi haukukosekana. Mwaka 2009 aliwaita waandishi wa habari akawataja wafanyabiashara watano kuwa "mapapa wa ufisadi". (Papa huyo ni wa baharini, si Baba Mtakatifu.) Walikana, na mmoja wao akamjibu kwa kumwita yeye nyangumi. Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la kweli: mwenye vyombo vya habari akimshtaki mwenzake hadharani, anasema kama nabii au kama mshindani wa biashara? Huenda kama vyote viwili.

Alifariki Dubai Mei 2019, akazikwa Machame. Kisha wosia wake ukafika mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha. Katika Luka 12 mtu mmoja anamwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu anakataa kuwa mgawanyi, halafu anasimulia habari za tajiri na ghala zake. Kila tunaposoma Injili hiyo, Dominika ya 18 ya Mwaka C, tunakimbilia ghala na kumruka yule ndugu anayelalamika. Pale Mpanda ndugu huyo tunamfahamu: ni mjane anayegombania shamba la mpunga, au wadogo wanaomsubiri kaka mkubwa auze ng'ombe wa marehemu.

Haya yanatuhusu kwa sababu jimbo letu, lililoanzishwa mwaka 2000, bado linajenga. Kigango kikitaka kupaua, huandaliwa harambee, na harambee hutaka mgeni rasmi. Akitoa milioni tano anapigiwa vigelegele. Bibi aliyeleta debe la mahindi anatajwa mwishoni, akitajwa. Tumeshuhudia pia mgeni akiahidi mifuko ya saruji mbele ya kipaza sauti, na saruji isifike hadi leo.

Hatudai matajiri wasialikwe. Bati halinunuliwi kwa nia njema. Tunachouliza, na kati yetu hatujakubaliana, ni hiki: siku tutakapokuwa maparoko, tukijua au kuhisi kwamba fedha ya mgeni imetokana na mbao zilizokatwa bila kibali msituni, tutaipokea? Wengine wanasema tumwite kwanza faraghani, kama Yesu alivyoingia nyumbani kwa Zakayo. Wengine wanasema paa linavuja na masika yanakaribia.