Baridi ya Meru na Bei ya Mkaa

Watu wa pwani hudhani kwamba Tanzania nzima ni nchi ya joto. Laiti wangekuja Arusha mwezi wa Julai! Mji upo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwetu, miteremkoni mwa Mlima Meru, ni juu zaidi. Tangu Juni hadi Agosti mawingu hukaa kutwa, na usiku hata mjini joto huweza kushuka hadi nyuzi 12.

Nyumba ya zamani ya Kimeru ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa majani, na mifugo ililala ndani pamoja na watu. Moshi ulikuwa mwingi, lakini ulipenya katika majani ukatoka. Nyumba yetu ya sasa ni ya matofali na bati. Yapendeza kutazama, ila usiku bati hupoa upesi mno. (Ng'ombe naye ana banda lake siku hizi, wala sidhani angekubali kurudi.)

Likizo ya Juni nyumbani palikuwa na mabishano. Bibi, ambaye kifua humsumbua, alitaka jiko la mkaa liwekwe chumbani mwake usiku kucha. Baba alisema mkaa umepanda bei, na gunia la mwezi litakwisha kwa wiki mbili. Gesi ya mitungi nayo huletwa nchini kwa meli, na bei yake si ya kuchezea. Kuni je? Msitu ulio juu yetu ni wa hifadhi, na mtu haingii na shoka.

Serikali ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati ambao wataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema sana. Lakini jina lenyewe lasema kupikia, na huku kwetu jiko lina kazi mbili.

Mimi sikuogopa bei. Katika kemia tumefundishwa kwamba mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu ikazuia oksijeni. Nilimweleza Bibi kwa adabu. Akacheka. "Mume wangu, moto umenilea tangu utotoni, leo ndio uniue?"

Nikamjibu, "Bibi, nyumba ile ilipumua. Hii tumeiziba madirisha."

Hapo alinyamaza. Tulikubaliana kwamba jioni sote tuote moto jikoni, mlango ukiwa wazi, kisha Bibi alale na blanketi mbili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Kwa maoni yangu ni rahisi kumpasha mtu joto kuliko kuipasha nyumba nzima. Bibi hulalamika kwamba chupa hupoa kabla jogoo hajawika, na ni kweli. Baba amekwisha kupima mbao za dari. Fedha zatosha chumba kimoja tu mwaka huu, nacho ni cha Bibi.