Shajara ya Wote: Baada ya Risasi

Jumapili, 22 Septemba 2024
Kesho inatimia miaka kumi tangu risasi ziliporindima kwenye Bunge la Kaunti ya Makueni hapa Wote. Mhariri anataka kipindi cha nusu saa, na ameagiza kianze na sauti za vurumai ile. Anajua zitawavuta watu redioni. Lakini waliojeruhiwa siku ile wana jamaa zao humu mjini, nao wanatusikiliza. Nimemwomba aniachie hadi Ijumaa nifuatilie swali jingine: baada ya hapo, kaunti hii ilitulia vipi?

Jumatatu, 23 Septemba
Nimeshinda nikipitia kumbukumbu. Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi walikuwa wakivutana juu ya bajeti. Baada ya risasi, wakazi waliwasilisha ombi kaunti ivunjwe. Tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ilisikiliza pande zote, ikapendekeza ivunjwe kweli. Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Waandishi wengi walifungasha virago hapo.

Ila kazi kubwa ilikuwa ikifanyika vijijini. Wananchi walikutana kuchagua miradi, kuanzia kijijini, kupitia kata ndogo na wadi, hadi kaunti. Kamati za wakazi wenyewe zikawa zinakagua kazi ya wakandarasi. Kibwana alichaguliwa tena 2017. Naona hekima hapa: ugomvi ulikuwa wa fedha, na fedha hizo zikaletwa mbele ya macho ya wenyewe.

Jumatano, 25 Septemba
Leo nilikuwa Mto Kaiti. Juu ni mkavu kabisa, lakini akina mama wanafukua mchanga na kuchota maji chini yake. Mchanga ukizolewa, maji nayo yanakwenda. Ndicho chanzo cha uhasama kati ya wenyeji na wenye malori yanayosomba mchanga kupeleka Nairobi. Mwaka 2011 askari polisi aliyeipinga biashara hiyo aliuawa huku Makueni. Mwaka 2015 kaunti ikapitisha sheria ya kuhifadhi mchanga.

Mzee mmoja alinionyesha bwawa la mchanga walilojenga kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Ukuta umekingama mtoni, mchanga umejaa nyuma yake na kushika maji. Akaniambia, “Mwanangu, ukisema tulipigana, sema pia tulichojenga.”

Kijana aliyekuwa akipakia malori alisubiri mzee aondoke ndipo akasema yake: “Sheria iliniachisha kibarua, na hakuna aliyeniuliza nitakula nini.” Nimemrekodi naye pia. Suluhisho lililomwacha nje lina kasoro, na kasoro hiyo ni sehemu ya habari.

Alhamisi, 26 Septemba
Usingizi umegoma. Nawaza ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, na jinsi mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alivyoshtakiwa kwa ajili yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Kesi yake ilikatizwa Aprili 2016 bila ya yeye kupatikana na hatia. Tangu wakati ule, sisi wa redio za lugha za mama tunatazamwa kwa jicho la shaka. Lakini huko Burundi, kuanzia 1995, studio ya redio iitwayo Studio Ijambo iliwatuma Wahutu na Watutsi kuandaa habari pamoja, wakati jamii zao zikiuana. Maikrofoni ni ileile. Tofauti iko kwa anayeishika.

Lakini pia nakumbuka uchaguzi wa Machi 2013. Vyombo vyetu vilihubiri amani kwa bidii hata maswali makali kuhusu mitambo ya uchaguzi iliyokwama yakakosa wa kuyauliza kwa wakati wake. Sitaki amani ya namna hiyo. Kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa hakiponi.

Ijumaa, 27 Septemba
Mhariri amesikiliza rekodi zote na amekubali. Tunaanza na akina mama wa Kaiti, kisha siku ya risasi, isimuliwe kwa maneno bila sauti zile, na majina ya viongozi waliohusika yatajwe. Kisha mikutano ya vijijini, sheria ya mchanga, bwawa la mwethya, na kijana aliyepoteza kibarua. Nimeomba pia afisa wa kaunti aje studioni amjibu kijana huyo moja kwa moja.

Habari ya Makueni haikuishia siku ya risasi, na watu wa Makueni wana haki ya kuisikia yote.