SAUTI ILIYOKUWA CHINI YA KITANDA



Leo sina mahubiri marefu. Nina ungamo.

Mwezi wa kwanza nilipigiwa simu na dada mmoja anayeishi upande wa Kibwezi, Makueni. Zamani yeye na mume wake walikuwa washirika wetu hapa Kitui. Mume alikuwa shemasi, na ndiye aliyerekodi ibada zetu. Bwana alimwita mwaka 2011 akamwacha mkewe akiwa mjamzito. Mtoto alizaliwa baada ya mazishi. Sasa ni kijana wa miaka 14, na anajiandaa kwa ubatizo wa maji mengi.

"Pasta," dada akaniambia, "kijana ameniuliza baba yake alikuwa na sauti ya namna gani. Nikakumbuka ulituambia siku ya mazishi kwamba rekodi zote umezihifadhi."

Nikajibu, "Ndiyo dada, ziko."

Kweli zilikuwako. Zilikuwa ndani ya katoni chini ya kitanda changu: hadi diski nne za kompyuta za zamani za kanisa. Kila kompyuta ilipokufa nilichomoa diski yake, nikaifunga kwa gazeti, nikasema nitaishughulikia wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10.

Jumatatu kijana wetu wa mitambo akaja ofisini. Tukafungua kompyuta ya mezani ambayo kanisa lilinunua ya mtumba, tukapuliza vumbi. Vumbi la Kitui mnalijua. Diski mbili zilikuwa za IDE, zile za waya mpana kama utepe. Mbili zilikuwa za SATA, za waya mwembamba, aina iliyoanza kutumika mwaka 2003. Kwa haraka yangu nikachomeka zote nne kwa pamoja. Tukawasha. Skrini ikabaki nyeusi.

"Pasta, tuende mbili mbili," kijana akasema. "Diski inapoanza kuzunguka ndipo inapokula stima nyingi zaidi, na pawa saplai hii imezeeka."

Tukabaki na zile mbili za utepe. Bado hazikuonekana. Akazigeuza, akamulika kwa tochi ya simu, akaanza kucheka. "Pasta, zote mbili zinajiita bwana!"

Akanieleza. Utepe mmoja hubeba diski mbili, lakini sharti moja iwekwe kuwa bwana na nyingine mtumwa. Kinachoamua ni kijiplastiki kidogo kiitwacho jampa, kinachovikwa kwenye pini za nyuma. Akakihamisha kwa kibanio, tukawasha tena, zote mbili zikaonekana. Mpendwa, ni kamati ngapi za kanisa zimekwama hivyo? Watu wazima, wenye vipawa, wako kwenye waya mmoja, na kila mmoja ni bwana. Hiyo tuiache kwa siku nyingine.

Ya kwanza ilikuwa na hesabu za sadaka. Ya pili, picha za harusi. Ya tatu ilipowashwa ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Kijana akazima mara moja. "Kichwa cha kusomea kimeharibika. Tukilazimisha, tutakwaruza hata kilichobaki." Tukaiweka kando. Hadi leo sijui kuna nini ndani yake.

Ya nne ilitaka kuwasha kompyuta kwa Windows yake ya zamani, ikabidi tuingie kwenye BIOS tupange upya ni diski gani ianze. Kisha folda ikakataa kufunguka, maana ilikuwa bado inamtambua mwenyewe wa kompyuta iliyokufa. Kijana akabadilisha umiliki. Ikafunguka. Tukaona: Ushuhuda, Jumapili, 2011.

Kabla ya kusikiliza akanakili faili kwenye flashi mbili. Hapo alinifunza hekima. Kisha tukabonyeza.

Sauti ya ndugu yetu ikajaa ofisi. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa mbuzi waliopona, kwa mke wake. Kisha akasema, "Na nina neno lingine moja…" Hapo ikaingia sauti nyingine, kubwa, yenye haraka: "Ndugu, fupisha, muda wa neno umefika!" Watu wakacheka. Akasema amina, akaketi.

Ile sauti nyingine ilikuwa yangu.

Ushuhuda wake ulikuwa dakika 3 na kidogo. Mahubiri yangu ya siku hiyo yako kwenye folda hiyo hiyo, zaidi ya saa moja, na sikumbuki hata nilihubiri nini.

Nilifikiria 2 Wafalme 22. Hilkia alikiona kitabu cha torati ndani ya nyumba ya Bwana. Hakikuwa kimeibwa na adui. Kilipotelea mikononi mwa waliopaswa kukitunza. Na Yosia aliposomewa, alirarua mavazi yake kabla ya kushangilia.

Jumamosi nikashika barabara ya Mutomo na Ikutha, nikavuka mto Athi hadi Kibwezi. Njiani niliona akina mama wakichimba mchanga kwenye mto mkavu, na maji yakitoka. Sisi wa Ukambani tunajua: mto ukionekana umekufa, chimba kwanza.

Kijana alisikiliza mara tatu bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, "Pasta, alitaka kusema nini hapo mwisho?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemkatiza. Nisamehe."

Mama yake ndiye aliyejibu. "Juma hilo ndilo tulijua nina mimba yako. Alitaka kuliambia kanisa."

Kijana akachukua simu, akaicheza mara ya nne.

Mpendwa, kama una diski, kaseti au simu ya zamani yenye sauti ya mtu wako, usingoje wiki ijayo. Diski hugonga bila kutoa taarifa. Nakili mara mbili, weka sehemu mbili. Na kama wewe ni mtumishi mwenye maikrofoni kama mimi, mtu akisema ana neno lingine moja, mwache aseme.

Tuombe: Baba, nisamehe kwa sauti nilizozifunika kwa sauti yangu. Nipe masikio ningali nao. Katika jina la Yesu, amina.

Kuna sauti ya nani unayotamani kuisikia tena? Niandikie hapo chini, nitaomba pamoja nawe.