Kirungu kikizima, mlinzi unapunga hewa!

Mjini hapa kuna ubishi wa aina mbili usiokwisha. Wa kwanza ni wa Simba na Yanga, huo unaujua. Wa pili ni wetu sisi walinzi: kwenye ditekta tuweke betri ya kuchaji au ya alkalini?

Ditekta, msomaji wangu, ni kile kirungu cha plastiki ninachokupitishia kiunoni ukija kwenye jengo letu, jirani na bandari. Kikipata chuma kinalia. Tangu bomu la ubalozi wa Marekani hapa Dar, Agosti 7, 1998, lililoua watu 11, ukaguzi wa mlangoni si mambo ya mzaha.

Sasa kirungu bila betri hakina tofauti na mwiko wa ugali. Changu kinakula betri moja ya volti 9, ile ya pembe nne yenye vichwa viwili juu. Mwenzangu wa zamu ya usiku, kijana wa Mbagala, haambiwi kitu kwa betri za kuchaji. "Mzee, unatupa hela jalalani," huniambia. "Mimi nachaji, maisha yanaendelea." Kwa hesabu za mfukoni ana hoja. Ya kuchaji bei yake imesimama, lakini unaijaza mara mamia. Alkalini ikiisha, imeisha.

Ila asikwambie mtu, tabia zao hazifanani. Alkalini hupungua taratibu. Taa ya ditekta inakutahadharisha, na bado una muda wa kumtuma mtu dukani. Ya kuchaji, hizi za nikeli, hukaza mpaka mwisho, halafu ghafla, puu! Tena nyingi hazifiki hata volti 9: zipo za 8.4 na zipo za 7.2. Umeme inaobeba ni chini ya nusu ya alkalini ya umbo lile lile. Ukiiweka kabatini inapungua yenyewe, wakati alkalini inakaa miaka.

Mwaka 2023, mgao wa umeme ulipotubana, ubishi ukapata hakimu. Usiku kucha chaja ilikaa ukutani kama pambo, na asubuhi kijana akanikabidhi kirungu chenye betri nusu. Saa 4 hivi, foleni imefika ngazini, kikakata kauli. Mkubwa mmoja akaninong'oneza: "Pitisha tu hivyo hivyo, nani atajua?"

Hapo ndipo penyewe. Mgeni akiona kirungu kinapita anaamini amekaguliwa. Aliyeko ghorofani naye anaamini yuko salama. Nikipunga kilichokufa nawadanganya wote, tena kwa sare ya kazi. Nikasimamisha foleni. Jamani, nilitukanwa! Mama mmoja akauliza kama mimi ni mlinzi au fundi redio. Nikatoa alkalini mfukoni, nikabadili, nikajipitishia kwenye chuma cha mkanda wangu: piii! Mtu wa tatu tu baada ya hapo, kirungu kikalia. Kisu! Kumbe muuza machungwa wa watu, amefuata deni lake ghorofani. Hakuwa na ubaya wowote, lakini kisu kilinisubiri mezani mpaka aliposhuka.

Toka siku ile mimi na kijana tumepatana. Kazi ya kila siku inafanywa na za kuchaji, ziwe mbili: moja kwenye kirungu, nyingine kwenye chaja. Alkalini inakaa akiba mfukoni. Na kila anayepokea lindo anaanza kwa kukagua mkanda wake mwenyewe.

Ukienda Kariakoo kununua, fungua macho. Ile ya bei chee iliyoandikwa "Heavy Duty" si alkalini, ni ya zinki na kaboni, na haina nguvu kama jina lake linavyojigamba. Soma ganda, usimsikilize mpiga debe. Na betri ikivuja, usishike maji yake kwa mkono mtupu, yanaunguza.

Wewe mgeni nawe, ukikuta mlinzi kasimamisha foleni anabadili betri, vumilia dakika moja. Wakati unasubiri, toa kabisa funguo na simu uweke mezani, tusicheleweshane.