Ukinunua polisha ya gari, usinunue ile yenye nguvu

Wasee, leo tuongee kuhusu polisha za gari. Najua wengi wenu hamna gari. Hata mimi sina. Lakini wengi mna gari ya mzazi pale nje, na kila mtu nyumbani anajua nani hutumwa kuiosha Jumamosi.

Msimamo wangu ni huu: kama utatumia mashine mara mbili au tatu kwa mwaka, nunua DA ndogo ya bei ya kawaida. Achana na rotari, hata kama ni bei rahisi na muuzaji anakuapia kwa jina la mamake. Tulia nikueleze.

Gari ninayoongelea ni ya Mama. Ni Vitz nyeusi ya 2008. Aliinunua kwa mkopo wa Sacco na akaulipa miaka mitatu bila kuruka mwezi. Nyeusi nayo haifichi kitu: ukiiangalia kwenye jua unaona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui, kazi ya vitambaa vya pale kwa kuosha magari, kitambaa kimoja kinapita magari kumi na vumbi lake lote. Tangu niache chuo, Mama hanisikizi hivi hivi tu. Kila wazo langu lazima lije na ushahidi. Nilipomwambia nataka kuipiga polisha mwenyewe, aliniangalia, kisha akasema, "Ukiniharibia gari, utanibeba mgongoni mpaka kazini." Bajeti yangu ilikuwa shilingi 14,000, pesa ya kuhariri video za watu. Kwa hivyo nilisoma kwanza, nikanunua baadaye.

Anza na kuelewa unakwangua nini. Gari nyingi za siku hizi zina tabaka: bati, praima, rangi yenyewe, halafu juu kabisa klia, ile tabaka isiyo na rangi inayoleta kung'aa. Kwa gari nyingi klia ina unene wa kama mikroni 35 hadi 50. Karatasi ya printa ina kama 100. Yaani kitu unachochezea ni kama nusu ya karatasi. Na polisha haiongezi chochote pale juu. Inapunguza. Mkwaruzo unapotea kwa sababu umeshusha uso wa klia mpaka ukafika chini ya mkwaruzo. Klia ikiisha hakuna dawa ya chupa, ni kupaka rangi upya.

Sasa ongeza hii ya kwetu. Magari mengi hapa Kenya ni mitumba ya Japani. Sheria inaruhusu gari isiyozidi miaka minane, kwa hivyo nyingi zinafika Mombasa zikiwa zimeishi maisha yao. Inawezekana ilipigwa polisha huko, na ikapigwa tena kwenye yadi ili ikuvutie. Hujui klia imebaki kiasi gani. Ni kama kutoa pesa kwa akaunti ambayo huwezi kuangalia salio. Ndiyo maana kwa mtu wa nyumbani swali si mashine gani inakata haraka. Swali ni mashine gani itakuvumilia mkono ukiteleza.

Tuje kwa aina zenyewe.

Rotari inazunguka kwa mhimili mmoja, kama grinda iliyopunguzwa kasi. Inakata vizuri na fundi anayeijua anafanya nayo maajabu. Lakini ukiisimamisha mahali pamoja kwa sekunde chache, joto linapanda. Kwenye kona za boneti na mistari ya milango, ambapo rangi huwa nyembamba, unaweza kufika kwenye praima kabla hujashtuka. Bampa ni hatari zaidi kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Na hata usipochoma, mkono usiozoea huacha alama za mawimbi zinazoonekana jua likipiga. Polisha nyingi utakazoonyeshwa kwenye hardware za mjini ni hizi, kubwa, nzito, wati 1,200 na kuendelea. Muuzaji atakutajia wati kama vile unanunua pasi.

DA inafanya mambo mawili pamoja: padi inazunguka, na wakati huohuo inacheza kwa duara dogo nje ya kati. Kwa hivyo joto halijikusanyi pointi moja. Na ukiikandamiza sana, kwa nyingi ya hizi mashine padi inaacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka tu. Watu huita hiyo udhaifu. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni breki. Inachukua muda mrefu zaidi, ni kweli. Lakini wewe una Jumapili nzima, unakimbilia wapi?

Aina ya tatu ni zile pana za kupaka waksi, zenye kofia ya kitambaa, mara nyingi ndizo rahisi zaidi dukani. Zinapaka waksi sawa tu. Mikwaruzo haziondoi. Ukitaka waksi pekee, tumia sponji na mkono wako, ni bure.

Halafu kuna wale wajanja wa kufunga padi kwa grinda. Grinda ndogo ya kawaida inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kazi ya rangi na rotari hufanywa kati ya kama 600 na 3,000. Fanya hesabu mwenyewe, halafu uirudishe grinda mahali pake. Drili na padi ndogo ni sawa kwa taa za mbele zilizofifia, si kwa mlango mzima.

Sasa vitu vya kuangalia dukani, na hapa ndipo elfu zako zinaokolewa.

Angalia ukubwa wa sahani inayoshika padi. Inchi 5 inatosha gari ndogo na inaingia sehemu finyu. Angalia ule mcheza wa duara, huandikwa kwa milimita. 8 ni mpole na rahisi kushika. 15 ni ya kazi kubwa, bei nayo inapanda. Kwa mara chache kwa mwaka, 8 ni poa kabisa.

Kasi lazima iwe ya kurekebishwa, na iwashe polepole. Mashine inayoanza na kasi yote itarusha dawa hadi kwa nguo za jirani zilizoanikwa.

Wati 600 hadi 900 zinatosha DA. Na kama unaagiza kutoka nje, soma volti. Mashine ya Marekani ni ya volti 120, umeme wetu ni 240. Ukiichomeka hivyo utasikia harufu kabla uone kazi.

Uliza padi na sahani za kubadilisha zinapatikana wapi. Velkro huchoka, sponji huchanika. Mashine ambayo padi zake hazipatikani Nairobi ni pambo. Mimi nilizunguka River Road na Kirinyaga Road asubuhi nzima nikiuliza swali hilo moja, na wawili tu ndio walinionyesha padi kwa macho. Wengine walisema "zitakuja."

Mwisho, ishike ikiwa inawaka. Kama mikono inakufa ganzi baada ya dakika moja, fikiria saa tatu.

Nilipata DA ya wati 700 kwa 8,900. Pesa iliyobaki iliingia kwa padi tatu, dawa ya kukata kidogo, dawa ya kumalizia na taulo laini. Usinunue mashine ya pesa yote ukabaki na padi moja. Padi ikijaa dawa na vumbi la klia inaacha kukata na kuanza kukwaruza. Kwa kulinganisha, sehemu mbili nilizouliza zilitaka 6,000 na 9,000 kwa gari moja mara moja. Umeme haukuwa stori: wati 700 kwa saa tatu ni kama yuniti mbili, hiyo ni tokeni chini ya mia. Tumia ekstenshoni nzuri, na ikiwa ni ya kuzungushwa ifungue yote, kwa sababu waya uliojikunja unapata moto.

Kazi yenyewe: osha gari vizuri, ikauke, iwe kivulini na bati liwe baridi. Bandika tepu ya karatasi kwenye kona na plastiki nyeusi. Jaribu kwanza sehemu ndogo, kama nusu mita kwa nusu mita, na dawa laini na padi laini. Ikitosha, usiende kwa kali. Tembeza mashine polepole, pole kuliko unavyodhani. Chora mstari na kalamu kwenye sahani ili uone kama padi bado inazunguka.

Na kabla ya mkwaruzo wowote, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, polisha haitautoa bila kula klia nyingi. Uache.

Vitz ilikuwa na mmoja kama huo, mlango wa nyuma, wa toroli ya supamaketi. Boneti ilikuwa inaonyesha mawingu, utando wa buibui umeisha, lakini ule mkwaruzo ulikuwa pale pale. Mama alizunguka gari yake mara mbili, akausimamia. "Na huu mbona umeuacha?" Nikamweleza habari ya nusu ya karatasi. Alinyamaza kidogo, akapitisha ukucha wake mwenyewe. "Basi uache," akasema. Halafu akaniuliza ile mashine inaweza kufanya gari ya Mama Njoki wa chamani kwao, na nitatoza ngapi. Kwa nyumba yetu, hiyo ni cheti.

Kwa hivyo kama mko watatu au wanne kwenye ploti na kila mmoja ana gari ya kuosha, msinunue mashine nne. Changeni mnunue DA moja, kila mtu ajinunulie padi zake, kwa sababu uchafu wa gari moja haufai kuhamia nyingine. Ikae kwa mtu mmoja anayeandika nani amechukua. Na mkiona gari imeanza kufifia mabaka meupe yanayobanduka, msiiguse na mashine yoyote. Hapo klia imeshaenda, na hakuna polisha ya kurudisha kisichokuwepo.