Upana wa Kioo cha Darubini

Tulipotaka kununua darubini ya kuwaonyesha watoto wa mafundisho hapa Songea kazi za Mungu mbinguni, moyo wetu ulitamani ile yenye kioo cha upana wa milimeta 200. Ni kweli, upana wa kioo ukiwa mara mbili, nuru ikusanywayo huwa mara nne. Lakini ni nzito, haichukuliki kwa baiskeli mpaka vigangoni. Na bei yake ingemeza ada ya shule ya mwanetu. Basi tukachagua ya milimeta 70. Mwaka 1610 Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa kioo kidogo kuliko hicho. Nasi tuliiona, watoto wakashangilia. Atakaye kununua, na apime kwanza mzigo awezao kuuchukua.