Kioo kiling'aa, samaki wakaanza kutweta

Wasee, tangu niache chuo mzee wangu alikuwa ameninyamazia. Nikabaki na samaki wangu sebuleni. Siku moja kabla ya kushuti video, nikapulizia kioo cha tangi dawa ya madirisha, ile ya amonia. Si ni nje tu? Kumbe pampu ya hewa inavuta ule mvuke hadi majini, na amonia huchoma matamvua. Samaki wakapanda juu wakitweta. Mzee ndiye alikuja mbio na ndoo ya maji yaliyolala. Mmoja tulimpoteza.

Siku hizi natumia kitambaa laini na maji matupu. Doa likikataa, siki kidogo, tena naiweka kwa kitambaa, si kwa kioo. Na mzee huniuliza kila asubuhi, "Samaki wamekula?"